Draivu imebadilishwa moja, mbona zimenyamaza mbili?

Ilikuwa msimu wa kaskazi hapa Malindi. Bahari imetulia, mashua zinatoka, na kila nahodha anataka barafu yake kabla ya alfajiri. Katika kiwanda kimoja kidogo cha barafu, draivu ya pampu ya tatu, yaani kifaa kinachoongoza kasi ya mota yake, iliungua. Fundi wa zamu akafunga mpya kwa muda wa saa moja, akawasha. Pampu ya tatu haikuitika. Ajabu ni kwamba pampu ya kwanza, iliyokuwa nzima tangu asubuhi, nayo ikazima na kuonyesha hitilafu ya mawasiliano. Akanipigia simu akiapa kwamba kauziwa draivu mbovu.

Draivu haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa na anwani namba 1, yaani namba ya kuitiwa na kompyuta ya mtambo, kama ilivyotoka kwa mtengenezaji, na namba hiyo tayari ilikuwa ya pampu ya kwanza.

Nafundisha umeme wa viwandani katika chuo cha ufundi, na kosa hili nakutana nalo mara kwa mara. Draivu huchukua umeme wa fezi tatu, volti 415 na hezi 50, ikaugeuza kuwa umeme wa mkondo mnyoofu, kisha ikautoa tena kwa hezi unazotaka wewe. Hivyo mota huzunguka polepole au kwa kasi kulingana na kazi. Pampu ya kusukuma maji kwa pangaboi ikipunguzwa mpaka asilimia 80 ya spidi yake, nguvu inayokula hushuka hadi karibu nusu. Anayelipa bili ya stima anajua maana yake.

Draivu nyingi zikiwa pamoja, kompyuta ya mtambo, ile mafundi wanayoiita PLC, huziamuru kupitia kebo moja. Lugha inayotumika sana ni Modbus, iliyoanzishwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na ambayo haijazeeka. Inafanya kazi kama mwalimu anayeita majina darasani: anayeitwa ndiye anayejibu, wengine kimya. Anwani ni kuanzia 1 hadi 247. Wawili wakiwa na namba moja, hujibu kwa pamoja, sauti zinagongana, na PLC haisikii neno. Ikiita namba 3, hakuna wa kuitika. Ndiyo maana zilinyamaza mbili.

Lakini anwani ni mwanzo tu. Spidi ya mawasiliano lazima ilingane na ya wenzake, iwe 9600 au 19200, na hata mpangilio wa biti za kukagua makosa. Kisha kuna habari za mota yenyewe, zile zilizochongwa kwenye kibati chake: volti, ampea, hezi, mizunguko kwa dakika. Ukiacha ampea alizoweka mtengenezaji wa draivu wakati mota yako ni ndogo, ulinzi wa draivu hautaiokoa mota ikizidiwa.

Kuna mpangilio mmoja ambao watu huupita bila kuutazama, nami naona ndio wenye hatari kuliko yote: draivu ifanye nini kebo ya mawasiliano ikikatika? Isimame, au iendelee na spidi ya mwisho? Pampu ya kupoza mtambo pengine ni heri iendelee. Mkanda unaobeba matofali ya barafu mbele ya vidole vya watu lazima usimame. Draivu mpya haijui tofauti hiyo. Ni wewe wa kuiambia.

Kwa hiyo nakili mipangilio yote draivu ikiwa bado hai. Nyingi zina kibodi inayoweza kunakili na kuhamisha kwenda draivu ya aina ileile. Kama haina, piga picha kila ukurasa kwa simu.

Kebo nayo ina mambo yake. Ipite kutoka draivu hadi draivu kama uzi wa tasbihi, isigawanyike matawi. Kwenye ncha mbili za mwisho huwekwa resista ya omu 120. Zima umeme, pima kati ya nyaya mbili za mawasiliano: ukipata karibu omu 60, resista zote mbili zipo. Ukipata 120, moja imepotea, na mara nyingi imepotea kwa sababu draivu iliyotolewa ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, swichi yake ndogo ya resista ikiwa imewashwa, na mpya imefungwa ikiwa imezimwa. Usiilaze kebo hii sambamba na ya mota. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

Mitambo mingi mipya hutumia Profinet, lugha nyingine ya mawasiliano, ambako kifaa hutambuliwa kwa jina badala ya namba. Draivu isiyo na jina haitapokelewa. Mtambo uliopangwa vizuri unaweza kumpa mgeni jina kwa kutazama amekaa kati ya majirani gani, mradi awe mtupu, hana jina la kale.

Huku pwani tuna adui wa ziada, chumvi ya hewani. Terminali huota kutu ya kijani hata ndani ya paneli iliyofungwa vibaya. Na draivu ya akiba iliyokaa stoo miaka kadhaa usiiwashe kwa pupa: kapasita zake, vile vihifadhi chaji vya ndani, zinahitaji kuamshwa taratibu kwa volti ndogo, kama kitabu chake kinavyoelekeza.

Usalama sasa. Ukizima breka, ndani ya draivu bado kuna takriban volti 580. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye lebo, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa. Usipime insulesheni ya mota kwa mega, kile kipimo cha volti kubwa, ikiwa draivu bado imeunganishwa, utaiua draivu. Na kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Yule kijana alibadilisha anwani kuwa 3, akafuta hitilafu kwenye pampu ya kwanza, zote zikaitika. Baada ya nusu saa akapiga tena: pampu ya tatu inazunguka, lakini maji ni haba. Nikamwuliza kama alitia alama nyaya za mota kabla ya kuzifungua. Akanyamaza. Pampu ilikuwa inazunguka kinyume, na pampu ya aina ile ikizunguka kinyume bado husukuma maji kidogo, ndiyo maana hudanganya. Akazima, akasubiri dakika zake, akazibadilishia nafasi nyaya mbili za mota.