Moshi wa Uwanja wa Mafunzo: Kwa Nini Zimamoto Tunawasha Moto

Kila tukipokea makuruta wapya, malalamiko huwa yaleyale: moshi unaingia majumbani, maji yanamwagwa bure, na watu wazima wanacheza na moto. La moshi tunalipokea. Siku za mazoezi hutangazwa mapema, upepo hupimwa kabla ya kuwasha, na ukigeukia makazi zoezi huahirishwa. Wenye pumu watuarifu ili tuzingatie. La kucheza, hapana.

Moto haufundishiki ubaoni. Ndani ya kontena la chuma, kuruta hupiga magoti pembeni ya mkufunzi na kutazama tu. Moshi ni kuni ambazo bado hazijawaka. Gesi zilizojikusanya chini ya dari zikifikia nyuzijoto 500 hadi 600 hivi, chumba kizima huweza kushika moto kwa mkupuo mmoja. Kabla ya hapo moshi hushuka, huanza kwenda mbio, na vindimi vya moto huchungulia ndani yake. Kitabu kinayasema hayo kwa mistari mitatu. Mkufunzi mkongwe hukugonga bega na kunyoosha kidole: "Pale, umeona?" Ukishaona, umeona. Na siku hizi nafasi ya kuona ni finyu, kwa sababu samani za sponji na plastiki zinaweza kukifikisha chumba hapo kwa dakika chache.

Ndiyo maana anayetupigia kelele nje ya nyumba, "Mwageni maji, mnangoja nini?", hatusaidii. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya takriban lita 1,700. Ukirusha maji ovyo kwenye chumba kilichofungwa, mvuke huo unamrudia askari, na unamfikia mtu uliyekwenda kumwokoa.

Na mgongoni hatubebi oksijeni. Ni hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Nimelieleza hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa kwa shinikizo la ba 300 una hewa ya lita 2,000 hivi. Kwa hesabu ya lita 40 kwa dakika ni dakika 50; kwa mtu anayeburuta mpira wa maji gizani, ni pungufu sana. Kwa hiyo utaratibu ni huu: hakuna anayeingia peke yake, kabla ya kuingia kila mmoja anakabidhi kibao chenye jina lake, kiasi cha hewa na saa ya kuingia, msimamizi wa ubao anapiga hesabu ya saa ya kutoka, na kutoka kunaanza kabla filimbi ya mtungi, ile ya kuonya kwamba hewa inakaribia kwisha, haijalia. Kuruta anayesubiri filimbi harudi ndani siku hiyo. Akirudia kosa, anaandikiwa ripoti. Akilirudia tena, anaondolewa kwenye mazoezi ya moto hadi apimwe upya.

Ukali huo una historia. Marekani, askari wawili walikufa mafunzoni mjini Boulder, Colorado, mwaka 1982, na mwaka 1986 NFPA, shirika la huko la kinga dhidi ya moto, likatoa kiwango namba 1403 cha mazoezi ya moto wa kweli. Mkufunzi mmoja asiwe na wanafunzi zaidi ya watano, awepo afisa wa usalama, na mtu hai asitumiwe kuigiza majeruhi. Mwaka 2001 huko Lairdsville, New York, kuruta aliwekwa ghorofani aigize majeruhi, moto ukawashwa chini, akafa. Aliyeongoza zoezi alitiwa hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Anayetuambia tupunguze urasimu akumbuke kesi hiyo.

Lakini si kila la mkongwe ni la kurithiwa. Kizazi changu kilijivunia kofia iliyopakaa masizi; ilikuwa cheo kisicho rasmi. Mwaka 2022 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, uliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la 1, yaani mambo yanayothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sasa mkufunzi huyohuyo anatakiwa kusimama mbele ya vijana na kuwaambia wasafishe sare papo hapo, wasiingie nazo bwenini. Kuna wanaoona aibu. Ninawaelewa, ila sare inasafishwa.

Mwisho ni wale wanaotuletea magofu yao "tuyachome kwa mazoezi". Asanteni. Tunahitaji hati ya umiliki, kibali cha mamlaka za eneo na za mazingira, uthibitisho kwamba hakuna dai la bima juu ya nyumba hiyo, umeme na gesi kukatwa, asbesto kuondolewa na wataalamu, na majirani kuarifiwa kwa maandishi. Ikikosekana karatasi moja hatuwashi, hata mwenye nyumba akija na kiberiti chake mkononi.