Kumtoa mtu kwenye gari linalowaka

Katika kazi ya uokoaji hapa Mbeya, mtu ninayemheshimu kuliko wote ni yule asiye na sare: dereva wa bodaboda, muuza ndizi au utingo wa lori lililokuwa nyuma. Kwenye miteremko ya Mlima Nyoka na Iwambi, ambako malori ya mafuta hupita usiku na mchana kuelekea Tunduma, gari la zimamoto, hata likiondoka mara tu simu inapopigwa 114, ni nadra kuwa la kwanza kufika. Ushujaa wa mtu huyo siutilii shaka. Kinachonisumbua ni kwamba wengi huukaribia moto kwa upande usiofaa.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kufuata mteremko. Baridi yetu ya Julai haisaidii kitu, kwani petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata chini ya nyuzi 40 hasi, wakati dizeli huhitaji kupashwa hadi zaidi ya nyuzi 50. Mkaribie majeruhi kutoka juu ya mteremko, upepo ukikupiga mgongoni. Lori la petroli likivuja, kaa mbali na uwazuie wenye madumu. Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha katika mlipuko wa namna hiyo.

Mlango ukigoma, achana na kioo cha mbele, kwa sababu kina tabaka la plastiki katikati na hupasuka bila kuachia. Piga cha pembeni, kwenye kona karibu na fremu, kwa ncha ya spana. Mkanda uliokazwa na uzito wa mtu haufunguki kirahisi: mwinue kidogo kwa bega lako ndipo ubonyeze kifungio, au ukate. Kwa kawaida tunakataza kumsogeza mwenye jeraha la shingo, lakini moto hausubiri. Mshike nguo mabegani, umvute kwa kufuata urefu wa mwili wake.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya kutiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno (nimeiona mara nyingi mno), na sehemu nyingine zifunikwe asipigwe na baridi. Hospitalini, sema kama alikuwa ndani ya moshi: masizi puani na sauti iliyokwaruza huashiria kwamba njia ya hewa imeungua, na mtu anayezungumza vizuri sasa anaweza kukosa pumzi baadaye.