Kometi isiyo na mkia haimaanishi kemikali ni salama

Nimeletewa tena sentensi ileile: "Seli za samaki hazikuonyesha uharibifu wa DNA, kwa hiyo sampuli ni salama." Safari hii imo kwenye ripoti ya watu wa fani, na inaniuma.

Walipima mashapo ya mto yenye masizi na mafuta. Walitumia RTG-2, seli za viungo vya uzazi vya trauti (samaki wa maji baridi) zinazooteshwa maabara tangu miaka ya 1960, na kipimo cha kometi: seli huwekwa kwenye jeli, hulowekwa ndani ya alkali, hupitishiwa umeme, kisha hutazamwa kwa hadubini. DNA iliyokatika huchomoza mkia, kama wa kometi (nyota yenye mkia).

Ila masizi yana benzo(a)pireni, kemikali inayotokana na kuungua, nayo ikiwa peke yake haiigusi DNA. Lazima kwanza seli iigeuze kwa vimeng'enya kama CYP1A, ndipo iwe sumu ya jeni. Kwa kazi hiyo RTL-W1, seli za ini la trauti, zina nguvu kuliko RTG-2. Ukitumia seli isiyoweza kuiwasha sumu, umepima udhaifu wa seli yako.

"Lakini kidhibiti chetu, yaani sampuli ya kuhakiki kipimo, kilionyesha mikia," wanajibu walioandika ripoti. Kidhibiti chenyewe ni haidrojeni peroksaidi! Hiyo hukata DNA bila kusubiri kimeng'enya chochote. Inathibitisha kwamba jeli na umeme vilifanya kazi, basi. Wekeni na benzo(a)pireni yenyewe. Ikikosa mkia, nyamazeni kuhusu mashapo.

Na hata benzo(a)pireni ikishawashwa, haikati uzi wa DNA. Hunata juu yake. Chukua uzi wa cherehani, upake utomvu wa fenesi: uzi mzima, hakuna palipokatika, ila sindano haipiti. Kometi huona mkato, au sehemu dhaifu inayokatika ndani ya alkali. Bonge lililonata halionekani mpaka seli yenyewe ianze ukarabati, ikate kipande kilichochafuka ili iweke kipya. Kwa hiyo mkia mwingine ni alama ya fundi aliye kazini, na kukosekana kwa mkia huenda kukawa alama kwamba fundi hajafika. Seli za samaki kwa kawaida hukarabati uharibifu wa namna hii polepole kuliko za binadamu. Ndiyo maana wengine huongeza haidroksiurea na sitosini arabinosaidi, kemikali za kuzuia ukarabati usimalizike, ukarabati ukwame katikati na mikato ibaki wazi ihesabike. Uharibifu wa peroksaidi una shida ya kinyume: ukichelewa saa chache, seli imeshaziba mikato.

Seli zinazokufa nazo hutoa mikia mikubwa ya uongo. Pimeni uhai wa seli kwanza, kila mara.

Mimi mwenyewe nina mashaka yangu. Seli za trauti tunazilea kwenye nyuzi joto 20 hivi. Sato anaishi kwenye maji ya moto zaidi, na sijui kwa uhakika kasi ya ukarabati niliyoiona inamhusu kiasi gani. Pia tunaamini majina ya seli kupita kiasi: aina moja ya seli iitwayo EPC ilitumika kwa miaka mingi kama seli ya samaki aitwaye kapu (carp), hadi 2010 ilipochapishwa kwamba ni ya Pimephales promelas, samaki mdogo wa Marekani Kaskazini.

Ripoti nimeirudisha. Nimeomba RTL-W1, vidhibiti viwili, na vipimo baada ya saa 4 na baada ya saa 24 tangu seli ziguswe na sampuli. Mashapo yapo bado kwenye friza, chupa mbili.