Je, wajua mashine ya ngoma hupigaje ngoma wakati ndani yake hakuna ngozi?

Tulikuwa kwenye matatu ya Umoja, kiti cha nyuma kabisa, pale ambapo wufa iko chini yako na kila pigo linakupanda uti wa mgongo. Mpwa wangu wa miaka minane akaniegemea, akapaza sauti: "Anko, nani anapiga hiyo ngoma?" Nikamwambia hakuna mtu, ni mashine. Akanyamaza kidogo. "Sasa hiyo mashine inapiga ngoma gani?"

Sikuwa na jibu siku ile, na swali halikuniacha. Ukifungua mashine ya ngoma hukuti ngozi iliyowambwa, wala kigogo kilichochongwa, wala mkwiro. Unakuta bodi ya kijani iliyojaa vijipande vya elektroniki: rezista, kapasita na transista. Basi lile dum linatoka wapi?

Dum lenyewe lina historia. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine iitwayo TR-808. Mwaka huohuo Marekani kulikuwa na LM-1, ambayo ilibeba ngoma za kweli zilizorekodiwa na kuhifadhiwa kwenye chipu. Ilikuwa inauzwa karibu dola 5,000, kwa sababu chipu za kumbukumbu zilikuwa ghali mno siku hizo. Roland wakaachana na kurekodi, wakaitengeneza kila sauti kwa saketi, yaani mizunguko ya umeme, na bei yao ikawa dola 1,195. Wanamuziki wengi hawakuitaka. Walilalamika kwamba hailii kama ngoma. Zilitengenezwa takriban 12,000, na kufikia 1983 kazi ikasimamishwa. Mashine zilizotumika zikaanza kuuzwa kwa bei ya kutupa, zikaangukia mikononi mwa vijana wa New York, Chicago na Detroit, na huko ndiko zilikopata watu wa kuzielewa. Leo prodyusa wa Nairobi akimwambia mwenzake "weka 808 hapo" anataka besi nzito, hata kama hajawahi kuiona mashine yenyewe.

Mara nyingi husemwa kwamba mashine ile inaiga ngoma. Mimi nakataa. Ndani yake kuna kitu kinachopigwa kweli.

Fikiria bembea. Umeisukuma mara moja, ukakaa kando. Itakwenda mbele, irudi nyuma, iende tena, kila safari ikifika karibu zaidi kuliko ile iliyotangulia, mpaka itulie. Hukuiambia iende na kurudi mara ngapi kwa dakika. Hilo linaamuliwa na urefu wa kamba zake. Ngozi ya ngoma nayo ni hivyohivyo. Kiganja kinaigusa kwa kitambo kidogo sana, kisha ngozi yenyewe inaendelea kutetema kwa mwendo wake hadi inyamaze.

Sasa kwenye saketi ya 808, bembea ni umeme. Kuna kapasita mbili, rezista kadhaa na amplifaya ndogo ya chipu, vimeungwa kwa namna ambayo chaji ikijaa huku inalazimika kurudi kule. Ukibonyeza kitufe, mshtuko mfupi wa umeme, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, unaigonga saketi hiyo. Ndicho kiganja chenyewe. Baada ya hapo hakuna anayeigusa. Umeme unayumba mbele na nyuma karibu mara 50 kwa sekunde, ukipungua nguvu kila unaporudi, na ukiupeleka kwenye spika, karatasi ya spika inayumba nao. Hilo ndilo dum.

Nobu iliyoandikwa Decay, ile ya kurefusha mlio, inafanya kazi ya mtu anayeisukuma bembea kidogo kila inaporudi, lakini pungufu ya kile inachopoteza. Ukiipunguza, unapata "dup" fupi. Ukiizungusha hadi mwisho, mlio unaburura sekunde nzima na zaidi, na kiki, yaani lile dum la ngoma kubwa, inageuka kuwa besi.

Haya yote nilionyeshwa na fundi mmoja wa Luthuli Avenue, kwenye kibanda chenye upana wa meza mbili, katikati ya amplifaya zilizofunguliwa vifuniko. Nilimpelekea mashine ya rafiki yangu, nakala ya siku hizi inayotumia saketi kama zile za 808, ambayo soketi yake moja ilikuwa imelegea. Alipomaliza kuchomelea akachomeka waya wa gitaa kwenye amplifaya, akashika ncha ya waya kwa kidole. Spika ikanguruma, ule mngurumo mzito ambao kila mtu aliyewahi kufunga muziki kanisani au harusini anaujua.

"Unasikia? Hiyo ni stima, kijana wangu. Hapa Kenya inayumba mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde."

Halafu akachomeka mashine, akabonyeza kiki nobu ikiwa imefunguliwa yote. Noti ilikuwa karibu ileile.

"Mzee, kumbe ni ndugu," nikamwambia.

"Tofauti ni kwamba huu wa ukutani haujui kunyamaza," akasema, akaanza kufunga skrubu.

Kuna mambo mawili zaidi yanayonifanya niiite ngoma bila kusita. La kwanza: ukipiga ngozi kwa nguvu, kwa kitambo kifupi inakazika zaidi, kwa hiyo noti inaanza juu kisha inashuka. Wahandisi wa Roland waliweka jambo hilo kwenye saketi. Ile "t" ya mwanzo wa pigo ni noti iliyoruka juu kabla ya kukaa mahali pake. La pili ndilo ninalolipenda. Sauti iliyorekodiwa, kila ukiibonyeza inaanza upya kutoka mwanzo, sawasawa na iliyopita. Lakini ukiigonga saketi kabla haijatulia, mshtuko mpya unakutana na mabaki ya ule wa kwanza. Ukiikuta bembea ikienda, unaiongezea. Ukiikuta ikirudi, unaikatiza. Kwa hiyo mapigo yaliyofuatana upesi hayafanani kabisa. Mpiga ngoma yeyote anajua hali hiyo mkononi mwake.

Je, sauti zinazochakacha? Hapo bembea haitoshi. Mbegu ndani ya kayamba hazitoi noti moja; ni mamia ya migongano midogo isiyo na mpangilio, nasi tunausikia mpangilio kwa sababu mkono unazimwaga kwa zamu. Sneya ya mashine, ile ngoma ndogo inayochakacha, inafuata njia hiyo. Transista inatoa vurugu ya umeme, kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili, na saketi nyingine inafungua mlango kwa kitambo kidogo na kuufunga. Chini yake zinawekwa bembea mbili fupi ili pigo liwe na mwili. Kwa vurugu hiyo Roland walinunua makusudi transista zilizokuwa na kasoro. Viwanda vilipoboresha kazi yao, transista mbovu zikaadimika, na hiyo ni sababu mojawapo ya 808 kuachwa kutengenezwa.

Sauti za chuma ni habari nyingine. Wazee waliocheza mwomboko wanaijua karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma pembeni mwa kodiani. Sikiliza vizuri: huwezi kuimba noti yake, kwa sababu chuma kinatetema kwa namna nyingi kwa pamoja na hazielewani. Haihati ya 808, yaani sauti ya visahani vya chuma vinavyogonganishwa, imejengwa kwa saketi sita zinazolia bila kukoma, kila moja kwa noti isiyopatana na za wenzake, kisha zinachujwa hadi ubaki ule wembamba wa juu tu. Kengele yake inachukua mbili kati ya hizo sita, moja ya mara 540 kwa sekunde na nyingine ya mara 800.

Kupanga mapigo ni rahisi: kuna vitufe 16, vyekundu, vya machungwa, vya manjano na vyeupe, vinne vinne, na kila unachokiwasha kinapigwa zamu yake ikifika. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, vitufe vinne kwa kila pigo, kila kitufe kinachukua sekunde 0.125. Watu wengi hubaki na 16 maisha yao yote. Lakini chakacha haikai humo. Mzunguko wake unagawanyika kwa tatu, kwa hiyo unaiamuru mashine irudi mwanzo baada ya kitufe cha 12, na ghafla ngoma inaanza kukata kiuno.

Linabaki jambo linalowasumbua maprodyusa wetu kila siku. Wimbo huohuo utapigwa kwenye matatu na kwenye simu. Wimbi la mara 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, haliko mbali na urefu wa matatu kubwa yenyewe, na kulisukuma kunahitaji spika pana inayosogeza hewa nyingi. Spika ya simu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, haiwezi. Ukiweka kiki safi ya 808, kwenye simu inapotea.

Dawa yake ni kuichafua. Unaipitisha kwenye kifaa cha distoshoni, kinachokata vilele vya wimbi, na kukatwa huko kunazaa noti mpya juu ya ile ya asili: 100, 150, 200 na kuendelea. Za juu zaidi simu inazimudu. Sikio likizisikia kwa pamoja, ubongo unatambua kwamba ni watoto wa 50, unaisikia 50 ambayo haipo. Nilipoelezwa mara ya kwanza sikuamini, mpaka nilipoisikia besi kwenye simu yangu nikijua kabisa haitoki humo.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mpwa wangu kwa rafiki yangu. Tukaizungusha nobu ya kurefusha hadi mwisho, nikamwambia abonyeze mara moja tu, kisha aweke kiganja mbele ya spika, asiiguse. Akabonyeza. Kiganja kikabaki hewani, vidole vimetanuliwa, macho kwenye karatasi ya spika iliyokuwa ikiendelea kusogea hata baada ya masikio yangu kuipoteza sauti.

"Anko," akasema, "bado inabembea."