"Kitabu cha zawadi" cha enzi za Victoria maana yake nini?

Ukiwasikia wanaokusanya vitabu vya zamani wakisema "kitabu cha zawadi" usidhani wanamaanisha chochote ulichopewa siku ya bethdei. Ni aina yake kabisa, ya Uingereza ya Malkia Victoria, yaani 1837 mpaka 1901, na mara nyingi ni mashairi yenye michoro mingi ndani, jalada la kitambaa lililogongwa nakshi za dhahabu, hadi kingo za karatasi zimepakwa dhahabu. Kilitengenezwa mtu apewe halafu kikae sebuleni watu wakione. Si unajua vile vyombo vya kabatini ambavyo mama hataki mviguse mpaka aje mgeni? Basi ndo hivyo hivyo. Na kwa vile soko lake kubwa lilikuwa Krismasi, unaweza kukuta kimeuzwa Desemba ila ndani kimeandikwa mwaka unaofuata.

Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa anachukua kitabu kikiwa na jalada la muda tu, halafu anakipeleka mwenyewe kwa fundi akakijalidi. Miaka ya 1820 wachapishaji wakaanza kutumia kitambaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1830 wakaweza kugonga dhahabu juu ya kitambaa kwa mashine, hapo jalada lenyewe likawa sanaa. Kuna mchoraji wa majalada anaitwa John Leighton, alikuwa anaficha herufi JL ndogo sana katikati ya maua na matawi, na kuzitafuta ni raha ambayo siwezi kuielezea.

Lakini kwangu mimi roho ya vitabu hivi iko kwenye michoro. Msanii alikuwa anachora juu ya kipande cha mbao ngumu, fundi anachimba na kuondoa pale panapotakiwa kubaki peupe, mistari inabaki imeinuka, kisha mbao inapangwa pamoja na herufi za chapa na vyote vinapigwa wino kwa mara moja, ndo maana picha na beti zinakaa ukurasa mmoja bila shida. Mti wenyewe shina lake ni jembamba kwa hiyo picha kubwa iliunganishwa vipande vipande. Na ule mchoro wa mkono wa msanii ulikuwa unaishia pale pale chini ya patasi, haurudi tena! Mchoraji Dante Gabriel Rossetti alilalamika sana kwamba ndugu wa familia ya Dalziel, mafundi wa kuchonga mbao hizo, wanamharibia kazi, ila mimi naona mafundi wale wanastahili nusu ya sifa, angalia chini ya picha utaona jina Dalziel limechongwa dogo dogo.

Mfano ambao kila mkusanyaji anaujua ni mashairi ya mshairi Tennyson aliyotoa mchapishaji Moxon mwaka 1857, michoro 54, kuna ya Rossetti na wachoraji wenzake Millais na Holman Hunt. Hunt alimchora bibi wa Shalott, yule wa kwenye shairi la Tennyson, nywele zimeruka hewani kama zimepigwa na kimbunga, Tennyson akamuuliza mbona nywele ziko hivi, shairi halijasema. Kitabu kiliuzwa shilingi 31 na peni 6, bei kubwa mno kwa wakati ule, na hakikuuzika vizuri, lakini leo ndo kinachotajwa kama mlango wa michoro ya miaka ya 1860.

Ukitaka kununua, angalia mgongo kwanza. Vingi havikushonwa, kurasa zilishikwa kwa gundi ya mpira ambayo William Hancock aliisajili 1836, na ile gundi ikizeeka inakauka inakuwa unga, unafungua kitabu kurasa zinamwagika, usikikunjue kwa nguvu hata kidogo. Madoa ya kahawia kwenye karatasi ni kawaida, mimi hayanisumbui.

Kinachotakiwa uangalifu kweli kweli ni kijani kikali. Baadhi ya vitambaa vya kijani vya wakati huo vilitiwa rangi yenye arseniki, ambayo ni sumu, na jumba la makumbusho la Winterthur huko Marekani lina mradi tangu 2019 wa kuvitafuta. Ukikipata cha namna hiyo kiweke kwenye mfuko wa plastiki, vaa glavu, nawa mikono, usikisome huku unakula, na watoto wasikiguse.