Je, wajua kwa nini chuma cha vita huharibika kikishatolewa majini?

Tuseme wavu umenasa karibu na Majita, Ziwa Victoria, na kilichopanda nao si sangara bali kipande cha chuma kizito, pengine bawaba ya mlango wa meli. Karibu kila mtu atakisugua tope, kisha atakianika juani. Hapo ndipo kinapoanza kuharibika, maana yale maji tunayoyalaumu ndiyo yaliyokuwa yakikilinda.

Majita nimeitaja kwa sababu. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa pia ndani ya Ziwa Victoria. Novemba 1914 meli ya Waingereza, Sybil, iligonga mwamba huko, upande uliokuwa wa Wajerumani, ikaachwa hadi ilipookolewa mwaka uliofuata. Wajerumani nao walikuwa na boti ya moshi, Muansa, waliyoifunga mzinga. Waingereza walipoingia Mwanza Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Baadaye nayo ikaopolewa. Kwa hiyo anayeota kukuta mojawapo ya hizo imelala chini pale kachelewa zaidi ya miaka mia.

Turudi kwenye chuma chetu. Kutu inahitaji maji na oksijeni kwa pamoja. Ndani ya tope la chini oksijeni ni haba, kwa hiyo kutu hutambaa polepole. Ukikitoa, hewa inakivamia kikiwa bado kimebeba unyevu kwenye vitundu vyake, na kazi iliyosimama kwa miongo inaanza upya kwa kasi.

Kwa chuma cha baharini hali ni mbaya zaidi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kloridi iliyomo hupenya hadi ndani kabisa ya kutu. Kikifika hewani, kloridi hiyo pamoja na unyevu na oksijeni huzalisha tindikali. Chuma kilichoonekana kizima kinatoka matone ya rangi ya chungwa, kinapasuka, kinamomonyoka. Kinachodanganya kuliko vyote ni chuma cha kumimina kwenye kalibu: chuma chenyewe huliwa ikabaki grafaiti, kaboni laini kama ya penseli, umbo likiwa lilelile, hata maandishi ya kiwandani yakasomeka, lakini ukikikwaruza kwa kisu kinachubuka. Nyambizi H. L. Hunley, iliyozama Marekani mwaka 1864, iliopolewa mwaka 2000 na kuwekwa mara moja kwenye tangi la maji. Mwaka 2014 ndipo ilipoanza kuloweshwa katika kostiki ili chumvi itoke. Haraka haina nafasi kwenye kazi hii.

Ziwa letu halina chumvi hiyo, na ushahidi wa faida yake uko Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi nzito. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikiwa na injini zake zilezile. Nadhani grisi imepewa sifa nyingi mno. Maji yasiyo na chumvi nayo yana mchango wake.

Mbao pia zina nafuu ziwani, kwa kuwa yule mdudu wa baharini anayetoboa majahazi haishi humu. Ila mbao iliyolowa miaka mingi hushikiliwa na maji yaliyojaa ndani yake. Ikikauka ghafla hujikunja kama michembe ya viazi.

Kuzamia kwenyewe huku si mchezo. Maji yana ukungu wa mwani, mita chache tu chini ni giza, na nyavu zilizotupwa humnasa mtu. Tena uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo majedwali ya muda wa kukaa chini wanayotumia wazamiaji wa Dar es Salaam au Zanzibar hayatumiki hapa bila kurekebishwa. Na risasi au kombora halitaguswa kabisa: baruti si lazima iishiwe nguvu kwa kulowa, na nyingine kadiri inavyozeeka ndivyo inavyokuwa tayari kulipuka. Hilo ni la polisi.

Kitu kingine kikishapanda na wavu, kiwekwe kwenye ndoo ya maji yaleyale ya ziwa, kifunikwe, mahali kilipotoka paandikwe, na ofisi ya mambo ya kale ipewe taarifa kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajaleta mizani yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwa hiyo chuma cha mwaka 1914 kinahitaji tamko la waziri. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji unahesabu tofauti: miaka 100 chini ya maji inatosha, na chaguo la kwanza ni kukiacha kilipo.