Glioma ya neva ya jicho kwa watoto wenye nyurofibromatosi aina ya 1

Glioma ya neva ya jicho ni uvimbe unaoota ndani ya neva inayopeleka taarifa za kuona kutoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hadi kwenye ubongo, na hutokana na seli za glia, ambazo kazi yake ni kuzishikilia na kuzihudumia nyuzi za neva. Kwa watu wote kwa jumla uvimbe huu ni nadra. Hali ni tofauti kwa watoto wenye nyurofibromatosi aina ya 1, ugonjwa wa kijenetiki unaompata takriban mtu 1 kati ya 3,000: kati yao, watoto 15 hadi 20 katika kila 100 huwa nao, na wengi hugunduliwa kabla ya kutimiza miaka 7.

Chanzo ni hitilafu katika jeni ya NF1, iliyoko kwenye kromosomu ya 17 na kutambuliwa mwaka 1990. Jeni hiyo ndiyo inayoongoza utengenezaji wa nyurofibromini, protini inayozuia seli zisigawanyike kupita kiasi. Mtoto huzaliwa na nakala moja iliyoharibika, na ya pili ikiharibika baadaye ndani ya seli ya glia, kizuizi hutoweka. Karibu nusu ya wagonjwa hawakurithi hitilafu hiyo kwa mzazi yeyote, bali imeanza kwao wenyewe, hivyo ukoo usio na historia ya ugonjwa huu si kinga.

Mzazi akiambiwa kuna uvimbe nyuma ya jicho la mwanawe, hufikiria saratani na upasuaji, na hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, nyingi za glioma hizi ni za daraja la 1, yaani la chini kabisa: hukua polepole, baadhi hutulia kwa miaka, chache husinyaa bila dawa, na watoto wengi walio nazo hawapati dalili yoyote. Kwa sababu hiyo kinachoamua matibabu hasa ni uwezo wa kuona, wala si ukubwa wa uvimbe kwenye picha ya MRI, na ningependa kila mzazi alijue hili kabla hajakata tamaa.

Kuupima uwezo huo kwa mtoto wa miaka 2 kunahitaji subira, kwa kuwa hasomi herufi, na jicho moja likififia halalamiki kwa sababu lile jingine linamtosha. Daktari humwonyesha kadi ya kijivu yenye mistari upande mmoja na kutazama macho yake yanaelekea wapi, kisha hutumia kadi zenye mistari myembamba zaidi na zaidi. Vilevile humulika jicho moja na kuhamishia tochi upesi kwenye la pili. Mboni ikitanuka badala ya kubana, neva ya upande huo ina kasoro.

Uoni ukianza kushuka, tiba ya kwanza iliyozoeleka ni dawa za kemikali, hasa karboplatini pamoja na vinkristini. Mionzi huepukwa, kwani kwa watoto hawa inaweza kuzusha uvimbe mwingine na kuziba mishipa ya damu ya ubongo. Kuikata neva ni kulipofusha jicho, hivyo upasuaji huachiwa zaidi jicho ambalo tayari halioni na limetokeza nje kwa maumivu.

Magonjwa mengine ya kurithi yana uvimbe wake: nyurofibromatosi aina ya 2 huleta meninjioma, uvimbe wa utando, katika ala inayoifunika neva hiyo, na ugonjwa wa von Hippel-Lindau, kwa nadra sana, huleta hemanjioblastoma, uvimbe wenye mishipa mingi ya damu.

Mtoto mwenye mabaka 6 au zaidi ya rangi ya kahawa, kila moja likizidi milimita 5, ambayo nyumbani huchukuliwa kuwa alama za kuzaliwa tu, anastahili kuchunguzwa. Ikithibitika ana nyurofibromatosi aina ya 1, macho hukaguliwa kila mwaka hadi takriban miaka 8, na urefu wake hupimwa pia, kwa kuwa uvimbe uliofika kwenye makutano ya neva mbili, jirani na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni, unaweza kumfanya arefuke ghafla na kubalehe kabla ya wakati.